Sita, au Tisa

Nimefika Tabora Jumanne, siku isiyo na mechi.
Getini kaketi Nyamizi, anamenya viazi vya matobolwa,
maganda yanaangukia kitabu cha risiti.
"Mia tano," anasema.
"Kwani leo anacheza nani?"
"Hakuna. Unalipia kuingia, hulipii kuona."
Nikatoa. Akanichania tiketi ya mwaka juzi,
akaigonga muhuri kwa nguvu, kama vile ni fainali.

Ndani, uwanja umelala kifudifudi.
Majani ya upande wa wenyeji yameliwa na mbuzi,
ya upande wa wageni yamebaki marefu.
Kumbe hata mbuzi wana timu.

Nikapanda jukwaani. Saruji ina moto wa saa saba.
Hapa alikaa Kaswa, fundi baiskeli,
aliyemtukana refa kwa Kinyamwezi ili asielewe,
na refa akaelewa, akamjibu, kwa lafudhi ya Nzega.
Pale walisimama wanawake wa Kanyenye na karanga zao,
wakiuza bila kugeuka:
mkono mmoja nyuma unapokea sarafu,
macho yote mawili golini.

Jana usiku nilipita ukumbi wa reli.
Jukwaa la bendi limejaa mifuko ya mbolea,
na mlinzi akanimulika tochi usoni: "Unatafuta nini?"
Ningesema nini?
Kwamba mama alicheza hapa, kila mwisho wa mwezi,
na wanaume ambao sikuwajua majina,
na baba akakaa kando, ameshika mkoba wake,
akigonga kifungo cha mkoba kwa kidole,
wala hakukosa pigo hata moja?
"Nimepotea njia," nikasema.

Lakini nilikuja kwa ajili ya ule ubao,
nyuma ya goli la kusini.

Baba hakucheza mpira.
Goti lake lilibaki relini, akiunganisha mabehewa,
kabla sijazaliwa.
Wakampa ngazi, na namba za bati,
sifuri mpaka tisa, seti mbili,
na kazi isiyoandikwa kwenye karatasi yoyote:
mtu wa magoli.
Wenye miguu mizima walifunga kule chini.
Yeye alifunga juu, kwa misumari,
kidato kwa kidato, goti likimlalamikia,
na watu hawakuliamini bao
mpaka wasikie bati likilia.

Kisha sita zikaibiwa, zote mbili.
Tulisikia zimeezekea banda la kuku huko Cheyo.
Baba akaomba nyingine, wakamwambia bajeti;
akaacha kuomba.
"Sita ya nini? Nani atakuja kutufunga sita hapa?"

Wakaja askari, mwezi wa nne, mvua ikinyesha.
La tano watu walianza kuondoka.
La sita waliobaki walikuwa mimi, Kaswa, na mwenye karanga
aliyekuwa anadai deni.
Nilishika ngazi kwa mikono miwili, nina miaka minane,
maji yananiingia machoni.
Baba akapekua lile sanduku, akatoa tisa,
ambayo haijawahi kuguswa,
bado ina rangi mpya, bado ina harufu ya dukani,
akaigeuza kichwa chini
akaipigilia.
Mabega yake yakaanza kutikisika.
Sikujua ni kicheko au ni nini.
Sijui mpaka leo. Sikumuuliza, na sasa yuko Kiloleni,
ambako hawajibu.

Ubao umeoza upande wetu.
Upande wa wageni limebaki bati moja tu,
msumari mmoja katikati, kutu imelila pembeni.
Sita, nikasema.
Upepo ukapita, ukalizungusha taratibu:
tisa.
Ukalirudisha, ukaliacha limelala ubavu, si hii si ile.

"Wewe wa mia tano!" Nyamizi akaita kutoka getini,
beseni kichwani, funguo mkononi.
"Nafunga!"

Nikageuka haraka, kwa mazoea,
kutazama ubao.